Tuliona, Tulisikia: Lugha ya Kumbukumbu za Pamoja za Matukio ya Televisheni

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya wasemaji wa Kiswahili wa leo lipo swali ambalo halihitaji utangulizi: "Ulikuwa wapi ilipotangazwa?" Anayeulizwa hahitaji kuelezwa ni nini kilichotangazwa, kwani rika lake, nchi yake na mazingira ya mazungumzo humjulisha. Kwa Watanzania wengi wa makamo, jibu huanzia tarehe 14 Oktoba 1999, siku Mwalimu Julius Nyerere alipofariki dunia mjini London. Kwa Wakenya wa rika hilohilo, huenda likaanzia tarehe 30 Desemba 2002, siku Rais Daniel arap Moi alipomkabidhi madaraka Mwai Kibaki katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, naye Kibaki akala kiapo akiwa katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali ya barabarani. Kwa kijana wa Tanzania, jibu huwa ni usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, alipolitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli.

Baada ya swali hilo hufuata simulizi, na katika simulizi hiyo kitenzi kimoja hujitokeza mara kwa mara: tuliona. Mhadhara huu unakichunguza kitenzi hicho na jamaa zake. Hoja yake kuu ni kwamba sarufi na msamiati wa Kiswahili humwezesha msimulizi kujiunga na tukio la kitaifa kwa urahisi mkubwa, na kwamba urahisi huohuo unamtaka mtafiti awe mwangalifu anapozipokea simulizi hizo kama ushahidi wa kihistoria. Jambo hili si la kinadharia tu. Sehemu kubwa ya historia ya karibuni ya Afrika Mashariki itaandikwa kutokana na vinywa vya watu waliokuwa wameketi mbele ya kioo cha televisheni, au wanaoamini kwamba walikuwa wameketi mbele yake.

2.0 Nani Aliweza Kuona Nini

Kabla ya kuichambua lugha, yafaa kukumbuka historia ya chombo chenyewe. Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Zanzibar ilipata televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo ikawa ya kwanza kusini mwa Sahara kurusha picha za rangi. Tanzania Bara ilichelewa. Sera ya wakati huo iliihesabu televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini, hivyo vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vilianza kurusha matangazo mwaka 1994 tu. Kituo cha taifa kilifuata baadaye, Mwalimu akiwa ameshazikwa Butiama.

Kuwapo kwa televisheni peke yake hakukutosha. Ili tukio la mbali lionekane papo hapo, picha zilihitaji njia ya kupita. Neil Armstrong alikanyaga mwezi tarehe 20 Julai 1969 kwa saa za Marekani. Afrika Mashariki ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 21, yapata saa 12 kasoro dakika chache alfajiri. Inakadiriwa kwamba watu milioni 600 duniani waliitazama hatua hiyo. Hata hivyo, kituo cha ardhini cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot, nchini Kenya, kilianza kazi mwaka 1970. Hivyo basi, mzee wa Nairobi anayesema "tulimwona akikanyaga mwezi" anasema kweli kwa maana moja, kwani picha hizo zilikuja kuonyeshwa na kurudiwa dunia nzima. Lakini kwa maana ya kuona wakati uleule, kauli yake inahitaji kuulizwa zaidi. Alfajiri ile, chombo kilichokuwa na uwezo wa kuwafikia wengi kilikuwa redio.

Historia hii inadhihirisha kwamba kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne ya 20, umma wa Waswahili ulikuwa umma wa wasikilizaji. Watazamaji walikuwa wachache, na hata hao hawakutazama peke yao. Seti moja ilikusanya mtaa: sebuleni kwa jirani mwenye uwezo, katika ukumbi wa jamii, hotelini, au dirishani ambako watoto walisimama nje na kuchungulia. Msemo wa kale kwamba macho hayana pazia ulipata uwanja mpya. Mazingira haya ya kutazama kwa pamoja ndiyo yaliyozaa nafsi ya kwanza wingi katika simulizi: ni nadra mzee wa kizazi hicho kusema "niliona", husema "tuliona".

3.0 "Moja kwa Moja" na "Mubashara"

Lugha ilihitaji jina la jambo jipya: picha inayofika wakati tukio lingali linatendeka. Istilahi ya kwanza kuenea ilikuwa moja kwa moja. Maana yake ya msingi ni kwenda bila kupinda wala kusimama. Aidha, katika matumizi ya kila siku, kirai hiki kina maana ya kudumu: "ameondoka moja kwa moja" ni ameondoka asirudi tena. Kwa hiyo, istilahi hii ilikuja na maana mbili zinazofaa sana kwa jambo linalojadiliwa. Matangazo ya moja kwa moja humfikia mtazamaji bila kupitia mkono wa mhariri, na yakishaingia akilini mwake hukaa humo moja kwa moja.

Neno mubashara, ambalo baadhi ya wasemaji hulitamka mbashara, lilipata nguvu katika vyombo vya habari vya Tanzania katika muongo wa 2010. Asili yake ni Kiarabu, ambamo mzizi wake unahusiana na ngozi ya mwili, na kitenzi chake kina maana ya kugusana au kulifanya jambo kwa mkono wako mwenyewe. Maneno bashiri na bishara, yaliyomo katika Kiswahili tangu zamani, yanatoka katika mzizi huohuo. Hata hivyo, kwa msemaji wa kawaida neno hili halibebi tena picha ya mguso. Ni istilahi ya kihabari, yenye hadhi kidogo kuliko moja kwa moja.

Inafaa kutambua kwamba istilahi hizi zilitoka studio na kuingia katika siasa. Mwezi Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilipotangaza bungeni kwamba televisheni ya taifa ingeacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu za gharama, na badala yake kuandaa kipindi kilichohaririwa, mjadala mkali ulizuka. Waliopinga hawakudai habari za Bunge, kwani habari hizo zingeendelea kutolewa. Walichodai ni umoja-kwa-moja wenyewe. Kirai cha kielezi kikawa jina la haki.

4.0 Sarufi ya Kukumbuka

4.1 Kirejeshi -po-

Swali lililotajwa mwanzoni, "Ulikuwa wapi ilipotangazwa?", limejengwa juu ya mofimu ndogo yenye kazi kubwa. Katika sarufi ya Kiswahili, -po- ni kirejeshi cha mahali dhahiri, kikilinganishwa na -ko- cha mahali pasipo dhahiri na -mo- cha ndani. Wakati huohuo, -po- ni kirejeshi cha wakati. Chukua mfano huu:

(1) Tulipokaa kutazama maziko, hapakuwa na aliyesema neno.

Sentensi (1) yaweza kueleweka kuwa "wakati tulipokaa" au "mahali tulipokaa". Muktadha huweza kuondoa utata huo, lakini msimulizi aghalabu hana haja ya kuuondoa. Viashiria vya mahali vya Kiswahili hufanya kazi hiyohiyo maradufu: "pale Rais aliposema" ni saa ile, na "pale kwa jirani" ni nyumba ile. Watafiti wa kumbukumbu wameshangazwa na jinsi watu wanavyokumbuka mahali walipokuwa walipopata habari nzito, ingawa mahali penyewe hapana umuhimu wowote katika habari. Kwa msemaji wa Kiswahili, angalau katika sarufi, hakuna mshangao. Saa na mahali vimefungwa katika silabi moja.

4.2 Njeo za mtangazaji na njeo za msimulizi

Mtangazaji wa moja kwa moja hutumia -na- na -me-. Hajui kitakachofuata, hivyo husema kinachotendeka na kilichokwisha kutendeka sasa hivi:

(2) Gari lililobeba jeneza linaingia uwanjani. Sasa limesimama. Wananchi wanainuka.

Msimulizi wa miaka kumi baadaye ana neema ya kujua mwisho. Hufungua kwa -li- kisha huachia -ka- ibebe simulizi:

(3) Gari liliingia, likasimama, wananchi wakainuka. Mama akaanza kulia, na baba akazima taa.

Tofauti ya (2) na (3) si ya wakati tu. Kiambishi -ka- hupanga matendo kama shanga katika uzi, na mpangilio huo hutoa hisia kwamba jambo moja lilizaa jingine. Tazama jinsi kilio cha mama kilivyoingia katika uzi uleule wa gari na uwanja. Uwanja ulikuwa mji mmoja na mama alikuwa mji mwingine, lakini -ka- haijui umbali. Sarufi imewaunganisha waombolezaji wa uwanjani na wa sebuleni katika tendo moja linaloendelea. Hapa ndipo kumbukumbu ya mtu mmoja inapoanza kuwa kumbukumbu ya pamoja, kwa kuwa tukio la taifa na tukio la nyumbani vimesimuliwa kwa mnyororo mmoja wa vitenzi.

Wakati mwingine msimulizi huivunja -ka- na kurudi katika -na-: "Tumekaa hivi, mara tunamwona anaingia, uso umebadilika." Hapo amevaa tena njeo za mtangazaji. Msikilizaji huletewa kioo cha televisheni kilichokwisha kuzimwa miaka mingi.

4.3 -Ona, -sikia, -tazama, -shuhudia

Katika vitenzi vya hisi ndimo kwenye uzito wa mjadala huu. Kitenzi -ona hakihusu macho peke yake. Msemaji wa Kiswahili huona njaa, huona baridi, huona aibu, huona uchungu; huona pia kwamba jambo fulani ni kweli, yaani hulifikiria hivyo. Anayesema "tumeona mengi" hazungumzii picha, bali maisha. Kitenzi -sikia nacho ni kipana: mtu husikia sauti, husikia harufu, husikia maumivu. Mipaka ya vitenzi hivi viwili hugusana, hata mtu aweza kuona baridi au kusikia baridi pasipo tofauti kubwa.

Kinyume chake, -tazama na -angalia huhitaji macho yaliyoelekezwa kwa makusudi. Kitenzi -shuhudia, kilicho ndugu wa shahidi, ushahidi na shahada, kimetoka katika uwanja wa mahakama na wa imani. Anayekitumia hudai kuwapo na hujitwika dhamana ya kauli yake. Inavutia kwamba watangazaji wa televisheni wamekizoea mno kitenzi hiki. Mtazamaji huambiwa "unaendelea kushuhudia", naye jioni huwasimulia wenzake kwamba "ameshuhudia". Dhamana ya shahidi imetolewa kwa mtu aliyekuwa kitini kwake.

Kwa hiyo kauli "tuliona msiba wa Mwalimu" ina angalau maana tatu: tuliitazama picha ya msiba, tulikuwapo katika msiba, tuliupitia msiba ule na ulituumiza. Maana ya tatu ni ya kweli kwa mamilioni ya watu ambao mwezi Oktoba 1999 hawakuwa na televisheni na waliufuata msiba wote kwa redio. Mtafiti anayeifasiri kauli hiyo kwa maana ya kwanza tu atawageuza wasikilizaji kuwa watazamaji, na ataandika historia ya chombo ambacho wengi hawakuwa nacho.

5.0 Kumbukumbu Zinapokosea

Utata huu wa kilugha ungekuwa mdogo kama kumbukumbu yenyewe ingekuwa imara. Utafiti wa saikolojia unaonyesha vinginevyo. Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik walizipa jina kumbukumbu za mmweko, yaani zile zinazoaminika kunaswa akilini kama picha ya kamera pindi mtu apatapo habari ya kushtua. Baadaye wengine waliamua kuupima uimara wake.

Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kurushwa Florida, Marekani, na watu saba waliokuwamo wakafa. Katika muda usiozidi siku moja, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu hojaji waeleze walivyoipata habari hiyo. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, wanafunzi 44 miongoni mwao waliulizwa tena. Mwanzoni, 9 tu walikuwa wameandika kwamba waliijua habari hiyo kwanza kwa televisheni. Miaka miwili na nusu baadaye, waliosema hivyo walikuwa 19. Robo ya washiriki walikosea kila kipengele kikuu cha maelezo yao ya awali, na wengi walisema kwa uhakika mkubwa. Picha za mlipuko zilizorudiwa siku nyingi zilikuwa zimelifuta darasa, rafiki au simu iliyoleta habari mara ya kwanza.

Mfano wa pili ni wa Uholanzi. Tarehe 4 Oktoba 1992, ndege ya mizigo iliangukia majengo ya makazi katika eneo la Bijlmermeer, Amsterdam. Hapakuwa na filamu ya wakati ndege ilipoyagonga majengo. Pamoja na hayo, watafiti Crombag, Wagenaar na Van Koppen, katika makala waliyoichapisha mwaka 1996, walieleza kwamba walipowauliza watu kama waliiona filamu hiyo katika televisheni, 107 kati ya 193 walijibu ndiyo. Wapo walioeleza hata pembe ambayo ndege iliingia nayo.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba wasemaji wa Kiswahili wamekingwa na jambo hili. Mwelekeo wa makosa katika mifano yote miwili ni mmoja: kumbukumbu huelekea kwenye picha. Lililosikiwa hugeuka kuwa lililoonwa. Methali husema kusikia si kuona. Akili ya binadamu, ikipewa muda wa kutosha, huitangua methali hiyo. Katika lugha ambayo -ona tayari ni kitenzi kipana, mgeuko huo hautoi sauti. Msimulizi hahitaji hata kubadili neno.

6.0 "Tu-" ni Nani?

Limebaki suala la nafsi. Kiswahili hakitofautishi kimofolojia "sisi" inayomjumuisha msikilizaji na "sisi" inayomwacha nje. Kiambishi tu- chaweza kuwa watu wanne wa sebuleni, au mtaa, au taifa. Daniel Dayan na Elihu Katz, katika kitabu chao cha mwaka 1992 kuhusu matangazo ya moja kwa moja ya matukio ya kihistoria, walieleza kwamba sherehe za namna hii, yakiwamo mazishi ya viongozi, huwakusanya watazamaji waliotawanyika na kuwafanya wajione kuwa jamii moja. Katika Kiswahili, kazi hiyo ya ujumuishaji hufanywa na silabi moja.

Lakini yapo matukio ambayo tu- hukataa kupanuka. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya siku kadhaa za kusubiri matokeo ya urais mbele ya kamera katika ukumbi wa KICC, Nairobi, vurugu zilizuka ukumbini na waandishi wa habari wakaondolewa. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, aliyatangaza matokeo katika chumba kingine, mbele ya kamera ya shirika la utangazaji la taifa peke yake. Muda mfupi baadaye Mwai Kibaki aliapishwa Ikulu, na jioni hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja. Machafuko yaliyofuata yaliua zaidi ya watu 1,100.

Wakenya wanaposimulia jioni ile, "tuliona" hugawanyika. Kwa baadhi, kilichoonwa ni mshindi akila kiapo. Kwa wengine, ni kiapo kilicholiwa gizani kwa haraka. Na wote hukumbuka kioo kilichoacha ghafla kusema kinachotendeka. Picha zilezile hazikuzaa "sisi" moja, bali zilizaa mbili, kila moja ikiamini kuwa ni ya taifa zima. Tukio la tarehe 28 Februari 2008, Kibaki na Raila Odinga walipotia saini mkataba wa kugawana madaraka mbele ya kamera, nje ya Harambee House, laweza kusomwa kuwa juhudi ya kuirudisha nafsi ya kwanza wingi mahali pake. Wananchi walihitaji kuwaona wawili hao wakipeana mikono wakati uleule walipokuwa wakipeana. Taarifa ya maandishi isingetosha.

Katika mazingira kama hayo, tofauti kati ya tulitazama, tulisikia na tuliambiwa si ya upambaji wa lugha. Tume inapokusanya maelezo ya mashahidi, tofauti hiyo ndiyo inayotenga ushahidi na uvumi.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba kirejeshi -po- huifunga saa na mahali pamoja, kwamba -ka- huliunganisha tukio la uwanjani na la sebuleni, kwamba -ona huupokea uzoefu wote wa mtu na si wa macho tu, na kwamba tu- hupanuka kutoka kaya hadi taifa bila kutoa taarifa. Sifa hizi ndizo zinazoifanya simulizi ya Kiswahili iwe na joto la ushirika. Ndizo pia zinazoweza kumpotosha mtafiti mwenye haraka.

Mambo matatu yanafuata kutokana na hayo. Kwanza, wanaorekodi simulizi za historia ya karibuni wasiridhike na "tuliona". Waulize: mlitazama au mlisikiliza? Kwa nani? Nani mwingine alikuwapo? Siku ileile au baadaye? Maswali haya yaulizwe kwa adabu, kwani mzee aliyekosea chombo hajasema uongo. Pili, rekodi zinukuliwe kwa viambishi vyake vyote. Mwandishi anayefupisha (3) kuwa "familia ilitazama mazishi" ametupa -ka- na kila ilichokuwa imekibeba. Tatu, watunga kamusi waipe maana ya -shuhudia kwa njia ya televisheni kidahizo chake, kwa kuwa matumizi hayo sasa ni ya kawaida na yanatofautiana na yale ya mahakamani.

Kazi hii ina muda wake. Waliokuwa watu wazima mwaka 1969 sasa ni wazee sana, na waliokuwa watoto dirishani kwa jirani wanaingia uzeeni. Picha za matukio zimehifadhiwa na zitaendelea kurudiwa. Ambayo hayakuhifadhiwa popote ni yale yaliyotendeka upande wa pili wa kioo: nani aliinuka, nani alilia, nani alizima taa. Hayo yamo katika -ka- za wasimulizi peke yake, na wasimulizi hawarudiwi.